Nina stashahada ya tiba kwa vitendo na shahada ya sosholojia: niombe uzamili wa aina gani?

BintiPangani

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo (occupational therapy), fani ambayo wengine huiita tiba kazi, ya kumsaidia mgonjwa aweze tena shughuli zake za kila siku, na nimetumikia hospitali ya mkoa kwa miaka 7. Stashahada yangu ya miaka 3 niliipata Moshi. Baadaye, nikiwa kazini, nilisoma shahada ya kwanza ya sosholojia katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa sababu wakati ule sikuona njia nyingine ya kupata shahada bila kuacha kazi na kuwaacha watoto. Sasa nataka shahada ya uzamili katika fani yangu yenyewe, na hapo ndipo ninapokwama.

Mwaka jana niliomba nafasi katika chuo kimoja cha nje. Nilijaza fomu, nikalipa ada ya maombi, nikaambatisha kila cheti nilichonacho, na baada ya miezi 3 nikajibiwa kwa mistari miwili kwamba sikidhi vigezo vya programu niliyoichagua. Kigezo kipi, hawakusema. Mwenzangu mmoja kazini anaamini kwamba kilichoniangusha ni stashahada, na mwingine anasema shahada ya sosholojia haihesabiwi popote katika mambo ya afya.

Kinachonisukuma ni hiki. Wagonjwa wetu wa kiharusi huruhusiwa wakiwa wanaweza kupiga hatua chache, nasi huandika kwenye faili kwamba maendeleo ni mazuri, lakini nikiwafuata nyumbani namkuta mama wa watu ameketi kibarazani tangu asubuhi akingoja kuvalishwa. Nataka kujifunza kuchunguza jambo hilo kwa utaratibu unaokubalika, si kwa kulalamika tu kwenye kikao cha idara.

Naomba kufahamishwa niombe programu ya aina gani, na kama kuna nchi ambako njia yangu inafaa zaidi. Naomba pia mnikosoe sentensi ya kwanza ya maelezo yangu binafsi, ambayo mwaka jana niliiandika hivi: «Tangu utotoni nimekuwa na moyo wa huruma na nimekuwa nikipenda kuwasaidia wenye shida.»

MwalimuWaKliniki

Dada, pole kwa jibu lile la mistari miwili. Mimi ni mkufunzi wa fani hii, uzamili wangu niliufanyia Afrika Kusini, na kila mwaka hupokea swali linalofanana na lako, kwa hiyo niruhusu nianze na jambo ambalo ninahisi ndilo lililokukwaza: jina «uzamili wa tiba kwa vitendo» linabeba shahada mbili tofauti kabisa, na vyuo vingi havijisumbui kumweleza mwombaji tofauti hiyo.

Ya kwanza ni uzamili wa kuingilia fani. Huu umeandaliwa kwa mtu mwenye shahada ya kitu kingine, iwe saikolojia, biolojia au ualimu, ambaye hajawahi kuwa mtoa tiba. Anafundishwa fani kuanzia mwanzo, anapelekwa wodini na kwenye jamii kwa mafunzo kwa vitendo, na akimaliza anaruhusiwa kuomba usajili. Wa pili ni uzamili wa kujiendeleza, ambao ni wa mtu aliye tayari ndani ya fani. Huo una utafiti, nadharia na uongozi, mara nyingi hauna mafunzo ya wodini hata kidogo, na cheti chake peke yake hakikupi haki ya kusajiliwa katika nchi ulikosomea. Nimeona watu wakimaliza akiba zao wakidhani kwamba uzamili wa pili utawapa leseni ya kufanya kazi huko, na nimeona wengine wakisoma tena anatomia ya mwaka wa kwanza ilhali walichohitaji ni utafiti.

Wewe umesimama katikati. Kwa taaluma ni mtoa tiba, kwa shahada ni mtu wa sosholojia. Programu ya kujiendeleza ikitazama makaratasi yako, inaona stashahada pale ilipotarajia shahada ya fani. Programu ya kuingilia fani ikiyatazama, inaona mtu ambaye tayari ni mtaalamu, na tena amekosa baadhi ya masomo ya awali. Kwa hiyo wenzako wote wawili wamegusa ukweli kidogo, lakini hakuna aliyegusa kiini.

Lengo lako ulilolieleza, yaani kuchunguza maisha ya mgonjwa baada ya kuruhusiwa, ni lengo la uzamili wa kujiendeleza. Ushauri wangu ni kwamba uuombe huo, lakini kabla ya kulipa ada yoyote umwandikie mratibu wa programu barua pepe fupi yenye swali moja: je, stashahada ya miaka 3 inayotambuliwa, pamoja na shahada ya kwanza ya fani nyingine na miaka 7 ya kazi, vinakubaliwa kuwa sawa na shahada ya fani? Jibu lao liweke, kwa sababu utaliambatisha kwenye maombi.

Kwa Afrika Kusini, ujue kwamba shahada ya kwanza ya tiba kwa vitendo kule ni ya miaka 4 na iko ngazi ya 8 katika mfumo wao wa sifa, na uzamili hujengwa juu ya ngazi hiyo. Vyeti vya kigeni hupimwa na SAQA, mamlaka ya sifa za elimu ya nchi hiyo, na shahada ya miaka 3 inaweza kuwekwa ngazi ya 7, hapo ukabaki na pengo. Vyuo vina utaratibu wa kutambua elimu iliyopatikana kazini, lakini ni lazima mwombaji mwenyewe auombe, maana hakuna atakayekuja kukukumbusha.

Jambo la mwisho kwa leo ni saa zako za mafunzo kwa vitendo. Shirikisho la dunia la fani yetu, WFOT, lililoanzishwa mwaka 1952, linataka mwanafunzi awe amefanya saa zisizopungua 1,000 chini ya usimamizi. Hakikisha kwamba chuo chako kilikuwa kwenye orodha yao katika miaka uliyosoma, kisha uombe barua inayochanganua saa hizo: ngapi za afya ya akili, ngapi za watoto, ngapi za magonjwa ya viungo na mishipa ya fahamu. Ombi la namna hiyo huchukua wiki nyingi, kwa hiyo lianze kabla ya mengine yote.

MvitaMinnesota

Nimesoma maelezo ya mwalimu na ninayaunga mkono, ila naomba nikuongezee upande wa Marekani, kwa sababu mimi nilipita mlango ule wa kwanza. Nilitoka Mombasa nikiwa na shahada ya ualimu wa biolojia, nikaingia programu ya uzamili ya kuingilia fani, na leo ninafanya kazi na watoto shuleni.

Huku jina la kwanza la kutafuta kwenye tovuti ya chuo ni ACOTE, chombo kinachoidhinisha programu za kuingilia fani. Kwa anayesomea fani huku, bila idhini hiyo huwezi kufanya mtihani wa NBCOT, yaani mtihani wa taifa wa fani yetu, na bila mtihani huo hakuna jimbo litakalokupa leseni. Utasikia pia watu wakisema kwamba uzamili umefutwa na sasa ni lazima mtu awe na shahada ya udaktari wa fani. Uvumi huo una chanzo: mwaka 2017 ACOTE ilitangaza kwamba kuanzia Julai 2027 watoa tiba wote wataingia fani kwa udaktari, lakini uamuzi huo ukasimamishwa na kisha kuachwa, na hadi leo milango yote miwili, uzamili na udaktari, iko wazi. Usikubali kumlipa wakala anayekutisha kwa habari ya 2027.

Maombi ya programu nyingi hupitia mfumo mmoja uitwao OTCAS, ambamo unajaza taarifa zako mara moja na kuchagua vyuo. Vyuo vingi husoma maombi kadiri yanavyofika, kwa hiyo anayewasilisha miezi mingi kabla ya mwisho hushindania nafasi nyingi kuliko anayewasilisha siku ya mwisho, hata kama wote wako ndani ya muda. Matokeo yako ya Tanzania yatahitaji kupimwa somo kwa somo na taasisi kama WES, si kwa muhtasari wa shahada nzima.

Sasa nije kwenye sosholojia, kwa sababu nimeumia kusoma kwamba mtu amekwambia haihesabiwi popote. Programu nyingi za huku hudai masomo ya awali: anatomia na fiziolojia, takwimu, saikolojia ya makuzi, saikolojia ya matatizo ya akili, na, tafadhali soma vizuri, sosholojia au anthropolojia. Shahada yako inaziba shimo ambalo mimi mwenyewe nililazimika kulilipia. Kinachoweza kukusumbua ni anatomia, kwa sababu uliisoma katika ngazi ya stashahada na vyuo vingi hukataa somo la sayansi lililopita miaka 5, 7 au 10, kila kimoja na kiwango chake. Mimi nilikuwa nimefundisha biolojia kidato cha tatu na cha nne kwa miaka minne, na bado nililazimika kurudia anatomia pamoja na maabara yake.

Kwa mtu wa hali yako, ambaye ameshasoma fani, sikushauri uje huku kuanza upya isipokuwa kama nia yako ni kuishi na kufanya kazi Marekani. Ni gharama kubwa, na wiki 24 za mwisho za mafunzo kwa vitendo ni za muda wote na kwa kawaida hazilipwi. Nilizimaliza nikila wali na maharage kila siku, na ninamshukuru Mungu, lakini mimi sikuwa na watoto.

Nikuongezee tahadhari moja iliyonigharimu muhula mzima. Cheti changu cha sekondari kilikuwa na majina mawili, shahada ilikuwa na matatu, na pasipoti ilikuwa na jina la babu likiwa limeandikwa kwa herufi tofauti. Taasisi iliyopima vyeti vyangu ilikataa kuviunganisha, na kuapa kiapo mbele ya wakili nikiwa mbali na nyumbani kulikuwa shida. Panga vyeti vyako vyote mezani leo, pasipoti katikati, na usome jina herufi kwa herufi. Kukiwa na tofauti, tafuta hati ya kiapo sasa hivi ukiwa bado uko hapo hapo.

KijanaWaLeeds

Shikamoo mwalimu, na salamu kwenu dada zangu. Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi Uingereza, na nadhani kuna njia ambayo haijatajwa.

Kwanza, Uingereza nayo ina milango ile ile miwili. Uzamili wa kuingilia fani kwa kawaida ni wa miaka 2, na ukimaliza unaomba usajili wa HCPC, yaani baraza la taaluma za afya. Ule wa kujiendeleza ni wa mwaka 1 kwa anayesoma muda wote. Tofauti hiyo ya mwaka 1 na miaka 2 ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ambao Watanzania na Wakenya wengi huuomba, hulipia uzamili usiozidi miezi 12. Kwa maneno mengine, uzamili wa kuingilia fani haumo, ila ule unaolingana na lengo lako umo. Chevening wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, karibu miaka 2, na wewe umeupita mbali. Dirisha lao hufunguliwa mwezi wa nane, unachagua kozi tatu, na sharti lao ni kurudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya masomo, jambo ambalo kwako si adhabu, maana wagonjwa unaowaandikia wako huko.

Pili, ikiwa haja ya mtu ni kufanya kazi Uingereza, si kusoma, HCPC hupokea maombi ya waliosomea nje na kuyapima kwa mafunzo na uzoefu wao. Hapo ndipo ile barua ya saa na mtaala kamili wa stashahada vinapokuwa dhahabu. Kwa anayetakiwa kuthibitisha Kiingereza, IELTS ya kiwango cha jumla cha 7.0, bila sehemu yoyote iliyo chini ya 6.5, ndiyo wanayoitaka kwa fani yetu. Ninalitaja kwa sababu nimewaona watu wakichukua mkopo wa kusoma uzamili wakidhani kwamba huo ndio mlango pekee wa usajili.

Kuhusu sentensi yako, dada, nitasema wazi kwa sababu umeomba. Mimi nimekaa kwenye meza ya usaili wa wanafunzi. Sentensi ya moyo wa huruma tuliisoma mara nyingi mno, na haikutuambia chochote kuhusu mwombaji, kwani hakuna anayeandika kwamba hana huruma. Lakini ulipoandika hapa juu kuhusu mama aliyeketi kibarazani tangu asubuhi akingoja kuvalishwa, niliacha chai yangu nikasoma tena. Kwa nini hilo halimo katika maombi?

MwalimuWaKliniki

Kijana amesema ukweli. Dada, andika aya moja kuhusu mgonjwa mmoja, uonyeshe ulichokiona, ulichokifanya na swali ulilobaki nalo. Usitaje jina lake wala kijiji, na umri uutaje kwa kukadiria. Sosholojia nayo usiifiche kana kwamba ni aibu. Gary Kielhofner, ambaye nadharia yake imekuwa ikisomwa katika fani yetu tangu mwaka 1980, alisisitiza mazoea ya mtu na nafasi anayoishika miongoni mwa watu wake, na hayo ni mambo ambayo wewe umeyasoma kwa undani kuliko wengi wetu.

Kuhusu wadhamini, usimfuate mganga mfawidhi kwa sababu ya cheo chake ikiwa hajawahi kukuona ukifanya kazi. Barua ya msimamizi wako wa zamani anayeweza kuandika kwamba siku fulani ulifanya jambo fulani ina nguvu kuliko barua ya mkubwa inayosema wewe ni mtumishi mwadilifu. Mdhamini mmoja lakini awe mwalimu wako wa Chuo Kikuu Huria aliyesimamia utafiti wako wa mwisho, kwa kuwa programu ya utafiti itataka kujua kama unaweza kuandika.

BintiPangani

Nawashukuru sana. Usiku wa jana nilitandaza vyeti mezani kama dada wa Minnesota alivyosema, na kweli cheti cha kidato cha nne kina jina la baba lenye herufi moja iliyozidi. Kesho naenda kwa wakili. Barua pepe nimeshazituma kwa waratibu watatu, nikiuliza lile swali moja.

Aya nimeiandika upya na ninaiweka hapa mniangalilie:

«Mama mmoja wa pwani, mwenye umri wa karibu miaka 60, alipooza upande wa kulia. Wodini alinyanyua mkono hadi begani na kutembea mita 20 kwa fimbo, nasi tukamruhusu. Nilipomtembelea nyumbani baada ya mwezi, nilimwuliza angependa arudi kufanya nini, na hakutaja kutembea. Alisema anataka kukuna nazi, kwa sababu anayekuna nazi ndiye anayeamua mboga ya siku hiyo, na tangu augue mkwewe ndiye anayeamua. Mbuzi ya kukunia hukaliwa karibu na ardhi, na goti lake la kulia halikuweza kukunja kiasi hicho. Tuliichukua mbuzi hiyo tukaipigilia misumari juu ya benchi la urefu wa goti, nikamfundisha kushika kizio kwa mkono wa kushoto na kuulaza wa kulia juu yake. Wiki ya tatu alikuna kizio kimoja mpaka mwisho. Hakuna fomu yetu hata moja ya hospitali yenye nafasi ya kuandika jambo hilo, wala ya kuuliza kabla ya kumruhusu mgonjwa ni kazi gani inayompa sauti nyumbani kwake.»

KijanaWaLeeds

Dada, hii ningeipitisha kwenda kwenye usaili siku hiyo hiyo. Badilisha jambo moja tu: msomaji wa Uingereza hajui mbuzi ya kukunia nazi ni nini, kwa hiyo katika toleo la Kiingereza ieleze kwa maneno machache kuwa ni kigoda kifupi chenye ulimi wa chuma wenye meno, usije ukaeleweka kwamba ulimpigilia mnyama misumari.

MwalimuWaKliniki

Nakubaliana naye. Sentensi yako ya mwisho ndiyo mada ya utafiti wako, kwa hiyo katika pendekezo la utafiti anza nayo: fomu za kuruhusu wagonjwa wa kiharusi katika hospitali za mikoa zinauliza nini, na haziulizi nini. Mwombe katibu wa hospitali ruhusa ya kuziona fomu tupu, zile zisizo na taarifa za mgonjwa, ili pendekezo lako lisimame juu ya kitu ulichokishika mkononi. Waratibu wakijibu, leta majibu yao hapa tuyasome pamoja.

BintiPangani

Mratibu mmoja amejibu mchana huu. Anasema stashahada na miaka ya kazi vinaweza kuzingatiwa iwapo nitaleta barua ya saa za mafunzo kwa vitendo na mfano wa maandishi ya kitaaluma yasiyopungua kurasa 10. Nina ripoti yangu ya mwisho ya sosholojia, iliyohusu kina mama wanaouguza watu waliopooza nyumbani. Jumatatu nimeomba ruhusa kazini niende Moshi kuifuata barua.